Mhalifu au mgonjwa? Ugomvi huu ni mzee kuliko kampeni zetu

Uzi mrefu kidogo, kwa hivyo chukua chai.

Kila msimu wa siasa lazima mjadala huu urudi. Wengine wanasema anayevuta bangi au kujidunga heroini ni mgonjwa, apelekwe hospitali, si jela. Wengine wanajibu: sheria ni sheria, mkianza kuwabembeleza hao watoto wetu wataisha. Kwenye kampeni za 2022 bangi ilifika hadi mbio za urais, ikaahidiwa kuuzwa nje ili ilipe madeni ya nchi. Watu wakacheka, wakapiga kura, yakaisha. Sitaji jina la mtu wala chama, kanuni za hapa mnazijua.

Mimi nasomea sayansi ya siasa na nyumbani ni Sironga, kaunti ya Nyamira. Ninachosema ni hiki: tunabishana kana kwamba Kenya ilishachagua upande, na haijachagua. Jela na matibabu vimekaa ndani ya sheria moja tangu 1994. Kitakachokupata wewe kinategemea unatumia nini, unaishi wapi, na nani yuko tayari kulipa. Hiyo ndiyo historia nataka tuipitie.

Tuanzie nyuma. Kabla ya serikali, pombe ya huku ilikuwa amarwa ya wimbi. Wazee walikaa wakazunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu, na kijana hakuketi pale eti kwa sababu ana kiu. Sisemi ilikuwa pepo. Watu walilewa, na aliyeumia nyumbani unamjua. Lakini ulevi ulikuwa na mwenyewe. Ukizidisha, ukoo unakuita, na wanaokuita ni watu wanaolijua jina la nyanya yako.

Halafu kuna mambo yaliamuliwa mbali sana. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, na pamoja na mambo ya biashara ya watumwa yakakubaliana kuzuia pombe kali isiingie sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, huko Saint-Germain, wakakaza tena. Makubaliano hayo yalimlenga Mwafrika. Mzungu aliyeishi huku aliachiwa chupa yake. Kwa hivyo kabla hata ya kujua madhara ya kiafya ni yapi, kitu cha kwanza sheria ilichouliza ni: nani anakunywa?

Huku Gusii Waingereza walikuja na bunduki, 1905 na tena 1908, na nyuma ya bunduki wakaleta machifu. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1912, iliyoandikwa upya 1937, ndiyo mzazi wa Sheria ya Machifu tuliyo nayo mpaka leo, Sura ya 128. Itafute uisome, ni fupi. Chifu anaruhusiwa kutoa amri za kuzuia pombe, na za kuzuia mimea yenye sumu na dawa hatari, kwenye orodha moja na amri za kulinda miti na kuzuia watu kuchafua maji. Hakuna muuguzi ndani yake. Ulevi uliwekwa kwenye kapu la utulivu wa kijiji na nguvu kazi: mtu awe macho asubuhi, alipe kodi, asilete fujo.

Bangi nayo iliingia kwenye mkataba wa kimataifa wa kasumba huko Geneva mwaka 1925. Na kabla hujasema ni wazungu tena, nchi iliyosukuma jambo hilo kwa nguvu zaidi kwenye mkutano ilikuwa Misri. Nalitaja kwa sababu kuna watu hapa wanapenda historia yenye adui mmoja tu.

Baada ya uhuru hatukufuta hayo, tulirithi. Sheria ya Dawa Hatari, Sura ya 245, ikaendelea kutumika. Ukaja mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, kisha wa 1988, ambao ndio uliosema wazi kwamba hata kumiliki dawa kwa matumizi yako mwenyewe kufanywe kosa la jinai, ilimradi isigongane na katiba ya nchi. Kenya ilijiunga na mkataba huo 1992, na miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria ya 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi wanaitaja sheria hii na hawajaifungua.

Sheria ya 1994, ilivyoandikwa mwanzo, ilisema hivi: ukipatikana na bangi na ukairidhisha mahakama kwamba ni ya kuvuta mwenyewe, kifungo ni hadi miaka 10. Ukishindwa kuiridhisha, hadi miaka 20. Kama ni heroini ya kutumia mwenyewe, hadi 20. Ona mzigo uko kwa nani. Si polisi wanaothibitisha wewe ni muuzaji. Ni wewe unayejieleza kwamba si muuzaji. Na mtu asiye na wakili anajielezaje?

Lakini sheria hiyohiyo ina sehemu nzima ya matibabu. Inazungumzia vituo vya kurekebisha tabia, na inampa hakimu nafasi ya kuamuru mtu aliyezoea dawa apitishe sehemu ya kifungo chake kituoni badala ya jela. Iko hapo, wino wa serikali. Hata mkataba wa 1988, pamoja na ukali wake wote, unaruhusu matibabu badala ya adhabu kwa anayetumia. Kwa hivyo anayekuambia kwamba Kenya haiwezi kumtibu mraibu kwa sababu imefungwa na mikataba, mwambie akasome tena.

Kama sheria inaruhusu, mbona hatuoni? Kwa sababu hakimu hawezi kumtuma mtu kwenye kituo ambacho hakipo. Vituo vingi vya urekebishaji nchini ni vya watu binafsi, na ada yake kwa mwezi ni pesa ambayo familia ya huku haishiki mara moja isipokuwa bonasi ya majani chai imeingia.

Nitawapa mfano mmoja wa nyumbani, bila jina. Kijana wa rika langu, tulikalia dawati moja shule ya msingi. Alianza bangi akiwa kidato cha pili. Bangi huku haihitaji safari: nyingi inatoka Tarime upande wa Tanzania, inapitia Kuria na Migori, inafika. Alishikwa na msokoto mmoja. Mara ya kwanza alitoka kabla hajaandikishwa popote, na nadhani mnajua mtu hutoka vipi hivyo. Mara ya pili akafikishwa mahakamani, akakiri, akatozwa faini. Mama yake, ambaye mimi namwita mama pia, alilipa kwa bonasi ya mwaka huo. Mara ya tatu hapakuwa na bonasi.

Alikaa ndani miezi kadhaa na akarudi anatumia vitu ambavyo hakuwa anavijua alipoingia. Katika safari zote tatu hakuna mtu yeyote, karani, askari au hakimu, aliyemuuliza unalala vizuri, ulianza lini, nyumbani kuko vipi. Nilimuuliza mama yake kama kuna mahali alishauriwa ampeleke. Akanijibu, "Waliniambia nimwombee." Na amemwombea.

Sasa linganisha na Pwani, maana huko ndiko hadithi ya afya ilianzia Kenya.

Heroini iliingia Mombasa na Malindi miaka ya 80, ikiwa ya kuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 90 ikabadilika, ikaja nyeupe ya kuyeyushwa, na watu wakaanza kujidunga. Huko Malindi Mradi wa Omari ulikuwa umeshaanza kuwashughulikia waraibu miaka hiyohiyo ya 90, wakati serikali bado inawatazama kama wezi wa masufuria tu. Kisha mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 heroini ikaadimika ghafla Pwani. Watu wakabaki wanatetemeka na kutapika barabarani, hospitali zikajaa, na mji ukaona kwa macho kile ambacho familia zilikuwa zinakificha vyumbani.

Lakini kusema kweli huruma siyo iliyofungua mlango. Ulifunguliwa na Ukimwi. Wakati kiwango cha maambukizi kwa watu wazima nchini kilikuwa kati ya asilimia 5 na 6, utafiti uliwakuta wanaojidunga wakiwa na takriban asilimia 18. Sindano moja ilikuwa inapita mikono minne, na hao watu wana wake, waume na wateja. Hapo Wizara ya Afya ikaanza kusema lugha nyingine. Mpango wa kugawa sindano safi ulipotangazwa 2012, baadhi ya viongozi wa dini na wa siasa Pwani waliupinga vikali, wakisema serikali inawasaidia watoto kujiua. Nawaelewa. Ukiwa mzazi, sindano ya bure inaonekana kama tusi. Lakini mpango uliendelea.

Desemba 2014 kliniki ya kwanza ya methadoni ikafunguliwa Mathari, Nairobi. Malindi ikafuata 2015, na Mombasa. Kwa wasioijua: methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa anakuja kila siku, anakunywa mbele ya mhudumu, na mwili unaacha kuililia heroini. Haimpi mtu furaha, inampa siku nzima. Anaweza kwenda kazini. Tanzania ilitutangulia: Muhimbili, Dar es Salaam, walianza Februari 2011, wa kwanza kwa mpango wa serikali katika bara hili kusini mwa Sahara. Zanzibar nayo ikaanza 2015.

Na angalia Tanzania. Ni nchi hiyohiyo iliyopitisha mwaka 2015 sheria kali sana ya dawa za kulevya na kuunda mamlaka ya kupambana nazo, ambayo muuzaji mkubwa anaweza kufungwa maisha. Ukali na kliniki vilikua pamoja, chini ya serikali moja. Wanaosema lazima uchague kimoja hawajavuka Namanga.

Kisumu pia ilipata methadoni. Kutoka Sironga hiyo ndiyo ya karibu. Lakini hata ingekuwa Nyamira mjini isingemsaidia rafiki yangu, maana methadoni ni ya heroini na jamii yake. Haitibu bangi, haitibu chang'aa. Kenya ilijenga huduma ya afya kwa dawa iliyotishia kusambaza virusi, na nyingi ya pesa zake zilitoka kwa wafadhili wa nje waliokuwa wanapigana na virusi hivyo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, huduma zote zilizoegemea mlango huo zilitikisika. Mgonjwa wa methadoni hana siku 90. Ana kesho asubuhi.

Sasa chang'aa, maana ndiyo dawa yetu kubwa, tuache unafiki. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulikadiria wanaotumia bangi nchini, wa umri wa miaka 15 hadi 65, kuwa 518,807. Wanaotumia pombe ni zaidi ya milioni tatu.

Chang'aa ilipigwa marufuku kabisa kwa sheria ya 1980. Kwa miaka 30 ilikuwa haramu, na kwa miaka 30 ilipikwa. Mapikio yalihama kutoka nyuma ya jikoni kwenda kando ya mito, bei ikabeba hongo ndani yake, na wapishi wakatafuta njia ya kuharakisha ukali. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mwaka 2005 wengine karibu 50, Machakos. Baadhi ya waliobaki hai walipofuka.

Mwaka 2010 Bunge likapitisha sheria ya kudhibiti vileo, ikaifuta ile ya 1980. Chang'aa ikawa halali, kwa masharti: leseni, chupa, lebo, saa za kuuza. Wengi hawajui hili mpaka leo. Kimsingi huo ndio mfano wetu wa karibu zaidi wa kuhalalisha kitu, na tuliufanya sisi wenyewe.

Ilitokea nini? Omong'ina anayepika huku kijijini hana mtaji wa chupa wala lebo, kwa hivyo kwake hakuna kilichobadilika, bado anamwogopa chifu. Aliyebadilikiwa ni mwenye kiwanda, aliyeanza kufunga pombe kali ya bei rahisi kwenye vichupa. Mei 2014 watu kadhaa wakafa tena, Embu, Kitui na kwingine, kwa pombe yenye methanoli. Februari 2024, Kirinyaga, 17. Msako ukarudi. Katika mzunguko wote huo, kuanzia 1980, nani alijenga wodi ya walevi Nyamira? Tuliondoa jinai kwenye karatasi na hatukuweka afya mahali pake. Pale palipoachwa wazi, polisi walibaki wamesimama.

Ndiyo maana nikisikia mwanasiasa yeyote akisema "tulichukulie kama suala la afya" natega sikio kwa sentensi inayofuata, kuona kama ina bajeti.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa upande wangu hawapendi kuligusa. Neno "mgonjwa" nalo lina historia yake chafu. Mathari, ambako methadoni ilianzia, ilifunguliwa 1910 kama nyumba ya wendawazimu ya serikali ya kikoloni. Jina la Mathari lilikuja 1924. Daktari aliyeisimamia miaka ya 40, J.C. Carothers, alikuja kuandika kwamba akili ya Mwafrika ina kasoro za asili, na mwaka 1954 serikali ikachapisha maandishi yake yanayoeleza Mau Mau kama tatizo la saikolojia. Yaani watu waliodai ardhi walionekana wanahitaji daktari! Kumwita mtu mgonjwa kunaweza kuwa njia ya kumfunga bila kesi, bila wakili, na bila tarehe ya kutoka. Hata leo kuna familia zinazolipa vijana wao wabebwe usiku, wafungiwe kituoni miezi mitatu bila ridhaa. Hilo nalo linaitwa matibabu. Mimi nataka afya ambayo mgonjwa anaweza kuikataa.

Kwa ufupi kuhusu nje, kwa sababu najua mtauliza Ureno. Ureno iliondoa adhabu ya jinai kwa matumizi binafsi kuanzia Julai 2001. Bado ni kosa, lakini ukikutwa na kiasi kisichozidi cha siku 10 unapelekwa mbele ya jopo la watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, na wakati huohuo nchi iliongeza huduma za matibabu. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipigia kura jambo linalofanana 2020, likaanza kutumika Februari 2021. Adhabu iliondoka haraka, huduma zikachelewa, watu wakachoka kuona dawa zinatumiwa hadharani, na Septemba 2024 kumiliki dawa kukawa tena kosa la jinai. Waliopinga walisema mmeona, haifanyi kazi. Mimi nikiisoma naiona chang'aa ya 2010.

Turudi nyumbani. Marekebisho ya 2022 yalipunguza adhabu ya bangi ya matumizi binafsi: sasa ni kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kwa wauzaji wa dawa kama heroini wakapandisha sana. Ni hatua, siikatai. Lakini pima ile 100,000 kwa mizani ya Sironga. Mtoto wa tajiri analipa kabla ya chakula cha mchana, mtoto wa mchuma chai anahesabu miaka. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba, kwa sababu anayehitaji msaada anapewa pingu. Katiba iliyotumika pale ni hiihii, na Kifungu cha 43 kinachompa kila mtu haki ya afya hakina mabano yanayosema isipokuwa wavuta bangi. Jumuiya ya Warastafari ilipeleka kesi yao ya bangi mahakamani 2021 kwa hoja ya dini. Sijaona bado anayekwenda na hoja ya huyo mama wa bonasi.

Nilimwekea hoja hizi omogaka mmoja jirani yetu, chifu msaidizi mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alimwaga mitungi ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hakuwahi kupenda ile kazi ya kumwaga, kwa sababu aliyemwagiwa alikuwa ndiye analipa karo ya watoto wake kwa mtungi uleule. Kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, ningemkuta kijana amelala mtaroni saa nne asubuhi, ningempeleka wapi? Kituo cha polisi nakijua kilipo."

Wale mlioniuliza mbona miraa inauzwa stendi mchana kweupe na bangi inakupeleka ndani, hiyo ni hadithi ya Meru, ya soko la London lililofungwa 2014, na ya Uganda kuipiga marufuku. Nitaiandikia uzi wake nikipata bando.